Kibodi, kipanya na projekta: majibu ya maswali yako

Swahibu yangu,

Salamu nyingi, na wanafunzi wako wasalimie. Barua yako nimeisoma yote. Kibodi inachelewa kurudia herufi, ng'ombe anageuka ngómbe, kipanya kinaruka, na projekta ya darasani inakata picha pembeni. Yote hayo yanarekebishika kwenye terminali ya Linux, yaani dirisha la kuandika amri, tena bila kununua kitu, labda waya mmoja. Hilo la waya nitalifikia.

Kabla ya kugusa chochote andika:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Hiyo inauliza ni mfumo gani unaochora madirisha kwenye skrini yako. Jibu likiwa x11, yaani X, yote ninayokuandikia hapa yatafanya kazi. Likiwa wayland, amri kama xset, xinput na setxkbmap hazitakusaidia, na usumbufu wake ni kwamba baadhi hazilalamiki. Zinakubali kimya, halafu hakuna kinachobadilika, kwa sababu zinaongea na seva ya pembeni inayohudumia programu za zamani tu. Xubuntu uliyoniambia hutumia X, kwa hiyo natumaini jibu lako litakuwa la kwanza.

Kasi ya kibodi ndiyo rahisi kuliko zote. Amri ya xset q itakuonyesha hali ilivyo sasa. Tafuta mstari wenye maneno auto repeat delay. Kisha:

xset r rate 250 40

Namba ya kwanza ni milisekunde za kusubiri kabla kitufe kilichoshikiliwa hakijaanza kujirudia, ya pili ni marudio kwa sekunde. Wanafunzi wanaoanza hushikilia vitufe muda mrefu na kujaza mstari mzima herufi moja. Kompyuta zao ziwekee 600 na 15, utanishukuru.

Sasa ng'ombe wako. Hapo kibodi haijaharibika. Aliyesakinisha mfumo alichagua mpangilio wa Marekani wa kimataifa, ule unaoitwa us wenye aina ya intl. Katika mpangilio huo alama ya ritifaa haiandikwi papo hapo. Husubiri herufi inayofuata ili iweke mkazo juu yake, kwa hiyo ng' ikifuatwa na o inakuwa ngó. Unaweza kubonyeza nafasi baada ya ritifaa ikajitokeza, lakini hiyo ni adhabu kwa mtu anayeandika Kiswahili kutwa. Hakikisha kwanza kwa setxkbmap -query, utaona neno intl kwenye mstari wa variant. Dawa yake ni altgr-intl, ambayo ritifaa yake ni ya kawaida na herufi zenye mikazo hupatikana kwa kushikilia AltGr. Na kwa kuwa unaandika Kiarabu pia, weka yote kwa pamoja:

setxkbmap -layout us,ara -variant altgr-intl, -option grp:alt_shift_toggle

Mkato ulio baada ya altgr-intl si kosa la uandishi. Aina hupangwa kwa kufuata mipangilio, na nafasi tupu baada ya mkato ni ya Kiarabu. Ukibonyeza Alt na Shift pamoja utahama kutoka lugha moja kwenda nyingine. Jihadhari na jambo moja: kila ukitumia -option, chaguo jipya huongezwa juu ya yale ya zamani. Ukijaribu vitufe vitatu tofauti vya kubadilisha lugha, vyote vitatu vitabaki hai na utashangaa kwa nini kibodi inahama yenyewe. Yafute yote kwanza kwa setxkbmap -option bila neno lolote mbele, ndipo uanze upya. Ipo mipangilio ya tz na ke pia, iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiswahili, ila kwa kazi yako us inatosha.

Kipanya. Maelekezo mengi utakayokuta yanasema tumia xset m. Yapuuze. Draiva ya siku hizi, yaani programu inayokiongoza kipanya, ni libinput, na haisikilizi xset m hata kidogo. Anza na xinput list, uone jina la kipanya chako. Tumia jina, si namba ya id, maana namba hubadilika ukikichomoa na kukichomeka tena. Kisha:

xinput list-props "USB OPTICAL MOUSE"
xinput set-prop "USB OPTICAL MOUSE" "libinput Accel Speed" -0.4

Kasi huanzia -1 hadi 1, na 0 ndiyo ya katikati. Jina weka lile uliloliona kwako, herufi kwa herufi. Kwa anayetumia mkono wa kushoto, sifa ya "libinput Left Handed Enabled" ipe 1. Kama mshale unaruka unapoandika tu, kipanya hakina kosa. Kiganja chako kinagusa tachipedi, nayo ina sifa yake, "libinput Disable While Typing Enabled", iwekee 1. Na kama unaruka hata mikono ikiwa mbali na kibodi, weka karatasi chini ya kipanya kabla ya kuandika amri yoyote, kwani meza ya kung'aa huchanganya taa yake.

Projekta ndiyo yenye mambo mengi. Ichomeke, iwashe, halafu andika xrandr peke yake. Utaona skrini ya laptopu, mara nyingi eDP-1, na tundu la projekta, VGA-1 au HDMI-1. Majina hutegemea draiva, wengine huona HDMI1 au HDMI-A-0, kwa hiyo usinakili langu. Picha inakatwa kwa sababu laptopu yako ina nukta 1366x768, projekta yako 1280x800, na mtu ameziamuru zionyeshe kitu kimoja bila kulinganisha vipimo. Iambie projekta ikunje picha nzima ya laptopu iingie kwake:

xrandr --output VGA-1 --mode 1280x800 --scale-from 1366x768 --same-as eDP-1

Maumbo yatarefuka kidogo kwenda juu, lakini hakuna kitakachopotea. Ukifundisha jiometria, duara ni lazima libaki duara, basi tafuta kwenye orodha ya xrandr kipimo ambacho skrini zote mbili zinacho, kwa mfano 1024x768, uziwekee zote hicho.

Huenda xrandr isikuonyeshe 1280x800 kabisa, iishie 1024x768. Hapo ndipo waya unapoingia. Projekta huitangazia kompyuta vipimo vyake kupitia pini ya 12 na ya 15 za waya wa VGA. Waya wa bei rahisi mara nyingine hauna pini hizo, au zimepinda, na kompyuta isiposikia kitu hubahatisha kipimo salama. Badili waya kwanza. Ukikosa mwingine, iandikie wewe mwenyewe. Amri ya cvt 1280 800 60 itakupa mstari wa namba, unaounakili hivi:

xrandr --newmode "1280x800_60.00" 83.50 1280 1352 1480 1680 800 803 809 831 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 "1280x800_60.00"

Baada ya hapo rudia ile amri yenye --scale-from, mahali pa 1280x800 ukiweka jina hilo jipya. Lakini usijaribu kipimo kigeni bila kujiwekea njia ya kurudi, hasa unapokijaribu kwenye skrini ya laptopu yenyewe. Malizia mstari wako kwa ; sleep 15; xrandr --output eDP-1 --auto ili skrini ikizimika usubiri sekunde 15 irudi yenyewe.

Skrini isizime katikati ya somo: xset s off -dpms, na baada ya kipindi xset s on +dpms. Xfce, yaani mazingira ya madirisha na menyu ya Xubuntu, ina msimamizi wake wa umeme anayeweza kukupinga, basi mnyamazishe naye:

xfconf-query -c xfce4-power-manager -p /xfce4-power-manager/presentation-mode -n -t bool -s true

Uliuliza pia kama xrandr --brightness hupunguza matumizi ya betri. Hapana. Inafifiza rangi tu, taa ya nyuma inawaka vilevile. Sakinisha brightnessctl, kisha brightnessctl set 40%.

Sasa la kudumu, maana mengi ya hayo husahaulika ukizima kompyuta, na mengine ukichomeka kibodi nyingine tu. Lugha za kibodi ziandike kwenye faili la /etc/default/keyboard, ukitumia sudo, yaani ruhusa ya msimamizi:

XKBLAYOUT="us,ara"
XKBVARIANT="altgr-intl,"
XKBOPTIONS="grp:alt_shift_toggle"

Kibodi yoyote itakayochomekwa itasoma hapo. Kasi ya kurudia mkabidhi Xfce mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayeifuta yako kila ukiingia:

xfconf-query -c keyboards -p /Default/KeyRepeat/Delay -n -t int -s 250
xfconf-query -c keyboards -p /Default/KeyRepeat/Rate -n -t int -s 40

Amri za kipanya ziweke kwenye faili dogo la skripti, lipe ruhusa kwa chmod +x, uliite kupitia mipangilio ya programu zinazoanza na kikao. Mstari wake wa kwanza baada ya #!/bin/sh uwe sleep 5. Watu wengi huziweka ndani ya .xprofile halafu wanalalamika hazifanyi kazi. Zinafanya, ila .xprofile husomwa kabla Xfce haijaamka, nayo ikiamka inaweka zake juu.

Mwenzako wa ofisini mwenye GNOME, mazingira mengine kama Xfce, kwenye Wayland atumie gsettings:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.keyboard delay 250
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.keyboard repeat-interval 25
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.mouse speed -0.4
gsettings set org.gnome.desktop.input-sources sources "[('xkb','us+altgr-intl'),('xkb','ara')]"

Mwambie repeat-interval ni milisekunde kati ya rudio na rudio, si marudio kwa sekunde, kwa hiyo 25 yake ni sawa na 40 yako. Akiandika 40 akidhani anaongeza kasi, ataipunguza. Hizi hazihitaji skripti, zinahifadhiwa zenyewe.

Projekta ikikugomea hata baada ya kubadili waya, nitumie majibu ya xrandr --verbose yaliyochukuliwa waya ukiwa umechomekwa na projekta imewaka.

Wasalaam,
Swahibu wako