Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Naanza na kosa letu, maana ndilo lililotufundisha zaidi. Januari tulipanga wazee wetu wa Kisukuma waingie darasani kufundisha kila Jumatano. Majuma mawili madarasa yalijaa. La tatu madawati yalikuwa matupu. Mzee mmoja wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akatuambia, "Hamkuuliza mwezi. Sasa ni giza." Wavuvi mnalijua hilo kuliko mimi: usiku wa giza taa huvuta dagaa, mitumbwi hutoka, na alfajiri mtoto yuko mwaloni na mama yake wanaanika. Liliniuma, kwa sababu chama chetu kipo ili shule iyajue maisha ya wenyeji.

Tangu Aprili vipindi vyetu vinafuata mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika, na watoto wamerudi. Lakini wazazi wenzangu, hata wakati wa giza nafasi ya mtoto ni darasani. Tutafute namna ya kuanika bila yeye.

Kipindi ambacho sitakisahau ni cha bibi mmoja, darasa la nne. Alileta ungo wa viazi vitamu vilivyokaushwa, huku michembe, huku matobolwa. Watoto wakabonyeza, wakanusa, wakaonja. Hivi vimekatwa vibichi vikaanikwa, hivi vimechemshwa kwanza. "Mbona haviozi?" akauliza kwa Kisukuma. Mtoto ambaye hanyooshi mkono kamwe akajibu, "Havina maji, kuvu haina cha kunywa." Mwalimu akaliandika jibu hilo ubaoni kwa Kiswahili, na somo la mvuke likaanzia hapo. Kiswahili kinabaki lugha ya kufundishia, na mtoto haambiwi aache lugha ya nyumbani mlangoni.

Isolo, mchezo wetu wa kete unaofanana na bao, nayo imeingia kwenye hesabu. Waliokuwa wanaogopa kugawanya sasa wanagawanya kete.

Kuna shule iliyowaita wazee siku ya wageni tu, wakacheza ngoma, wakaagwa. Nimesikitika. Ngoma za Bagika na Bagalu, makundi yetu mawili ya wachezaji, ni fahari yangu, na Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma pale Bujora, siikosi. Ila mzee anayejua ngitili, jinsi ya kufunga malisho mpaka nyasi zirudi, ni mwalimu wa jiografia. Apewe chaki.

Wenzetu Wamaori wa New Zealand walianza Kohanga Reo, yaani kiota cha lugha, mwaka 1982: wazee wakakaa na watoto wadogo, wakawa wanaongea nao Kimaori. Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili, ibara ya 14, linatambua haki yao ya kufundisha watoto kwa lugha yao na kwa njia zinazofaa utamaduni wao. Mwenzetu aliyedai kwamba tunarudisha watoto nyuma, naomba alipime hilo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nina ombi moja: bibi wa matobolwa amelipa bodaboda mwaka mzima kwa fedha yake. Mkutano upitishe nauli ya wazee leo, maana kipindi cha kwanza ni mbalamwezi ya Januari.