Tetekuwanga ya mtu mzima si ya kungoja ipite

Ndugu Mhariri,

Tetekuwanga ikiingia nyumbani, wakubwa huambiana kwamba huo ni ugonjwa wa watoto, utapita wenyewe. Kwa mtoto wa miaka sita mwenye afya, kauli hiyo kwa kawaida ni kweli: homa siku mbili tatu, vipele vya maji, magamba, basi. Hatari huanza pale baba wa miaka 35, ambaye hakuwahi kuugua, anapoambukizwa na mwanawe kisha akakaa ndani kungoja ipite. Nchini Marekani, kabla chanjo ya tetekuwanga haijaanza kutolewa mwaka 1995, watu wazima walikuwa kama asilimia 5 tu ya wagonjwa, lakini karibu asilimia 35 ya waliokufa. Kirusi ni kilekile. Kinachotofautiana ni mwili kinaouingia.

Kwanza, mwili wa mtoto hupiga king'ora mapema. Kirusi kikigusa seli, seli hiyo hutoa interferoni, kemikali inayozitahadharisha seli jirani zijifunge. Mwaka 2021 watafiti wa hospitali ya Charité mjini Berlin walichunguza seli za puani wakati wa UVIKO-19, wakakuta kwamba za watoto zilikuwa na vitambuzi vya virusi vingi kuliko za watu wazima, tayari kabla ya maambukizi. Kirusi kikakabiliwa puani, kabla hakijashuka mapafuni.

Pili ni seli T, seli za kinga zinazotambua na kupambana na virusi, zinazokomaa katika tezi ya thaimasi nyuma ya mfupa wa kidari. Tezi hii huwa kubwa utotoni, na baada ya balehe husinyaa na kujaa mafuta. Kwa hiyo mtoto ana seli mpya nyingi zinazoweza kujifunza adui mgeni, ilhali mtu mzima hutegemea zaidi zile zenye kumbukumbu ya magonjwa ya zamani. Kumbukumbu hiyo ni hazina ikiwa adui ni yuleyule; akija mgeni, mwili hukawia kumtambua. Ongeza hapo kisukari, shinikizo la damu na sigara, mambo ambayo watoto wengi hawanayo.

La tatu halisemwi sana, nalo ndilo tunalotaka lieleweke zaidi: mara nyingi kinachomuumiza mgonjwa ni mapigano ya kinga yake mwenyewe. Tazameni homa ya ini ya aina A. Kirusi chake hakiui seli za ini moja kwa moja. Zinazoziua ni seli za kinga zinapoisaka ile iliyoambukizwa. Kati ya watoto walio chini ya miaka 6, takriban asilimia 70 hawaonyeshi dalili yoyote. Kwa watu wazima, zaidi ya asilimia 70 hupata macho ya manjano, na wachache ini hushindwa kabisa. Ndiyo maana mji unapopata maji safi na vyoo bora, ugonjwa hupungua, lakini wanaoupata huwa na umri mkubwa zaidi na huugua vibaya zaidi.

Hata hivyo, utulivu wa mtoto si ushindi kila mara. Homa ya ini ya aina B humwingia mtoto mchanga kimya kimya, na kwa sababu kinga yake haipigani, takriban watoto 9 kati ya 10 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki na kirusi maisha yote, pamoja na hatari ya saratani ya ini ukubwani. Kwa watu wazima wenye afya, wanaobaki nacho hawafiki 1 kati ya 10. Ndiyo sababu chanjo yake imo katika sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Surua nayo huua zaidi walio chini ya miaka 5, hasa wenye utapiamlo. Chanjo ya miezi 9 isiachwe, wala ya miezi 18, na anayeugua apewe matone ya vitamini A siku mbili mfululizo. Anayesema watoto wana kinga kali, basi chanjo za nini, amechukua kweli ya ugonjwa mmoja akaivisha magonjwa yote.

Turudi kwenye tetekuwanga, maana katika nchi za joto wengi huipata wakiwa wamechelewa kuliko watu wa Ulaya, na chanjo yake haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto Tanzania wala Kenya. Mtu mzima aende hospitali siku ileile vipele vinapotokea. Dawa ya asaiklovia hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 24. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, lakini daktari ndiye aamue, hasa kwa mwenye ugonjwa wa figo. Kikohozi, kubanwa kifua au kuhema siku za mwanzo baada ya vipele ni dharura, na mvutaji sigara yuko hatarini zaidi.

Mjamzito asiyewahi kuugua aende kliniki mara tu anapojua amekaa na mgonjwa, asingoje vipele. Mama akitokwa na vipele kati ya siku 5 kabla ya kujifungua na siku 2 baada yake, mtoto huzaliwa bila kingamwili za mama na anaweza kuugua vibaya sana.

Mtoto asipewe asprini, kwani ikikutana na tetekuwanga inaweza kuvimbisha ubongo na kuharibu ini. Homa ishushwe kwa paracetamoli kulingana na uzito wake. Aogeshwe kila siku. Maji safi hayarudishi vipele ndani, kama wengi wanavyohofia. Akatwe kucha, maana kidonda kilichokwaruzwa huingia bakteria. Mgonjwa huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya vipele hadi vyote vikauke magamba, kwa hiyo asirudi shuleni kabla ya hapo.

Wahudumu wa afya,
Tanga