Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: turuhusu kuunganisha siku zetu za ugonjwa

Mheshimiwa Waziri,

Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 unakijua kuliko mimi. Ila wengi watakaosoma barua hii hukutana nacho siku wanapougua, basi nakieleza kwa ajili yao. Mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kwa mwajiri wake ana haki ya siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Jumla siku 14. Mwaka ukigeuka hesabu inaanza upya, na zile ambazo hukuzitumia zimekwenda na maji.

Kwa malaria siku hizo zinatosha na kubaki. Mimi nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzani, na kazi yangu ni ya bohari, mahali ambapo mtu asiyeweza kunyanyua katoni hana la kufanya. Nilipopeleka karatasi ya daktari niliambiwa kwamba kampuni haimlipi mtu akae nyumbani kwa ajili ya urembo. Sitaitaja kampuni hiyo, maana najua si peke yake inayofikiri hivyo.

Mheshimiwa, hakuna daktari mwenye akili timamu anayempeleka mtu kwenye kisu kwa sababu alinenepa kidogo wakati wa Krismasi. Tangu 1991 kipimo kilichofuatwa katika nchi nyingi ni BMI (uzani wa mtu kwa kilo ukigawanywa kwa mraba wa kimo chake kwa mita) ya 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoandamana na unene kama kisukari na presha. Kwa mtu wa kimo cha sentimita 160, BMI ya 40 ni kama kilo 102. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kipimo hadi 35 hata kama hakuna ugonjwa mwingine, kwa kuwa ushahidi ulikwisha kuwa mwingi: wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili sukari yao hushuka hadi wakapunguziwa dawa au kuachishwa kabisa. Na asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya mitaa ya matajiri kama Muthaiga na Nyali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzani uliozidi. Wanaomudu upasuaji ni wachache, hilo nalikubali. Mimi mwenyewe nilikopa Sacco, na mkopo bado unakatwa kwenye mshahara ule ule ninaoupigania hapa.

Sasa nikueleze kinachofanyika, maana nadhani shida yetu kubwa ni kwamba kwa nje hakionekani. Upasuaji wangu ni ule unaoondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ukabaki mwembamba kama ndizi. Hufanywa kwa kupitisha vifaa kwenye matundu madogo tumboni, na baada ya siku chache uko nyumbani. Jirani anakuja kukujulia hali, anaona plasta ndogo ndogo, anajiuliza ugonjwa uko wapi. Ndani kuna mshono mrefu wa pini za chuma, na mshono huo ukivuja katika wiki za mwanzo mtu anaweza kufa. Ndiyo maana unaambiwa homa ikipanda au moyo ukienda mbio usisubiri asubuhi. Kunyanyua kitu kizito ni marufuku kwa wiki nne hadi sita. Hata hivyo hutakiwi kulala tu. Ni lazima utembee mara kwa mara damu isigande miguuni.

Na kula? Wazee husema mgonjwa haulizwi uji. Huyu huulizwa, tena uji wenyewe uwe mwepesi na uchujwe. Mwanzo ni maji na supu isiyo na kitu ndani. Halafu maziwa na uji. Baadaye vyakula vya kupondwa, kisha samaki laini na mayai, na chakula cha kawaida hurudi baada ya wiki sita hadi nane, kwa vijiko vya kuhesabu. Maji yanatakiwa yafike lita moja na nusu kwa siku, nawe huwezi kupiga funda mbili kubwa mfululizo bila tumbo kukukatalia. Ni kazi ya kutwa nzima, kionja kimoja baada ya kingine, na wengi wanaorudishwa hospitali baada ya upasuaji huu hurudishwa kwa kukaukiwa maji mwilini. Mweke mtu huyo kwenye bohari ya Changamwe mwezi wa Februari, chupa ya maji imekatazwa karibu na mizigo, mapumziko ni nusu saa ya chakula cha mchana. Mtu wa ofisini, mwenye kiti na feni, huweza kurudi baada ya wiki mbili au tatu. Sisi tunaobeba tunahitaji sita. Sheria haijui tofauti hiyo, ingawa daktari anaijua na huiandika.

Kinachofuata unakijua. Mfanyakazi anamaliza siku 14, anachukua likizo yake ya mwaka, zile siku 21 za kazi alizopewa na kifungu cha 28 ili apumzike, anazitumia kuponea. Asiyekuwa nazo anarudi na mkanda tumboni, anawaomba wenzake wambebee. (Halafu kuna hili dogo: kifungu cha 28 kinasema wazi siku za kazi, cha 30 kinasema siku tu. Jumapili inahesabiwa au haihesabiwi? Kila ofisi ina jibu lake, na sijasikia jibu lililompendelea mgonjwa.)

Ukivuka Lungalunga ukaingia Horohoro, sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa, 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, katika mzunguko wa miezi 36. Wengi wetu tukiisoma macho hukimbilia ile 126. Mimi kilichonivutia ni ile 36. Aliyeiandika alijua kwamba mtu haugui sana kila mwaka. Huugua sana mara moja, kisha akakaa miaka bila hata kukohoa.

Basi sikuombi siku hata moja zaidi ya tulizo nazo. Siku 14 kwa mwaka ni siku 42 kwa miaka mitatu, 21 za mshahara kamili na 21 za nusu. Siku 42 ni wiki sita kamili. Turuhusu kuziunganisha. Mfanyakazi aliyelazwa au kupasuliwa, akiwa na cheti cha daktari, achukue kwa mkupuo siku za mzunguko mzima, na miaka inayobaki ajue ameshazila.

Najua waajiri watauliza: akizichukua zote kisha akaacha kazi? Swali ni la haki, hasa kwa mwenye duka la wafanyakazi wanne. Wekeni sharti la mwaka mmoja kazini kwanza, na wekeni kwamba akiondoka mapema kwa hiari yake, siku alizopewa mapema zikatwe kwenye malipo yake ya mwisho. Mimi ningelikubali sharti hilo bila kufikiri mara mbili. Najua pia kwamba watumishi wa serikali wana kanuni zao zenye ukarimu zaidi, na wenye mikataba ya vyama vya wafanyakazi hupata siku nyingi kuliko sisi. Naandika kwa niaba ya waliobaki na kifungu cha 30 peke yake.

Jambo jingine halihitaji hata Bunge. Sheria inataka cheti kinachosema mtu hawezi kufanya kazi, kilichotiwa saini na daktari. Wakubwa wetu wanataka kujua amekatwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeziweka habari za afya ya mtu kwenye fungu la habari nyeti, lakini cheti changu kilizungushwa hadi kwa mlinzi wa geti. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema wanakwenda kupasuliwa henia, na wakirudi hawawezi kuomba kazi nyepesi kwa sababu ya kweli. Waraka mmoja wa Wizara unatosha: cheti kitaje siku za kupumzika na kazi ambazo mfanyakazi asifanye na hadi lini, jina la ugonjwa libaki kwa daktari.

Suala la kuunganisha siku naomba ulipeleke mbele ya Bodi ya Kitaifa ya Leba, wanapokaa wawakilishi wa wafanyakazi na wa waajiri, kabla marekebisho mengine ya Sheria ya Ajira hayajafika Bungeni. Waraka unaweza kutoka mezani kwako wiki hii.

Wako mtiifu,
Karani wa bohari, Changamwe, Mombasa