Risala ya Kikundi cha Waunda Modeli za Magari na Ndege za Zamani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na viongozi wa kikundi,
Walezi wetu,
Wazazi na wageni waalikwa,
Wanakikundi wenzangu,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tulipokaa kujadili nani awe mgeni wetu siku ya leo, jina lako lilitajwa kwanza, na baada ya hapo halikutajwa jingine. Umetumia maisha yako ya kazi chini ya injini za ndege za kweli, mikono ikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Sisi tunaunda ndege zinazokaa kiganjani. Tumekuita kwa sababu kuna mambo unayoyajua ambayo hatuwezi kuyapata kwenye picha wala kwenye michoro, na ombi letu kubwa leo linahusu mambo hayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kinakutana jioni moja kila wiki. Wapo wanafunzi, wapo walimu, wapo wastaafu, na yupo mama mmoja aliyekuja kumsindikiza mwanawe, leo vifaru vyake ndivyo vinavyotazamwa kuliko vyetu sote. Tunaunda modeli za magari ya kijeshi na ndege za kivita za zamani, hasa za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wengi wetu tunatumia seti za plastiki.

Kwa wageni ambao hawajawahi kuiona kazi hii, seti ikifunguliwa vipande vyote huwa vimeshikana na fremu zake kama majani kwenye vitawi. Kila kimoja hukatwa kwa koleo ndogo, kikachongwa kwa kisu, kikapigwa msasa mpaka alama ya kalibu ipotee. Gundi tunayotumia huyeyusha plastiki ya pande zote mbili, na ikikauka vipande viwili vinakuwa mwili mmoja. Kwa hiyo kosa la gundi halifutiki. Mwanakikundi mwenzetu alitumia miezi miwili kwenye chumba cha rubani cha ndege moja, akaweka mikanda ya kiti na saa zote za dashibodi, kisha akabandika kioo cha juu kwa gundi ile ya papo kwa papo. Mvuke wake ukapanda ndani, kioo kikageuka cheupe kama kimeingia ukungu, na kazi yote ikafichika nyuma yake. Tangu siku hiyo vioo tunavibandika kwa gundi nyeupe ya maji, na kila mgeni anayejiunga anasimuliwa habari hii kabla hajashika koleo.

Rangi nayo ina hesabu yake. Ndege nyingi hapa zimeundwa kwa skeli ya 1/72, yaani inchi moja kwenye modeli ni futi sita kwenye ndege halisi. Ukipaka rangi ya unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ni sawa na kuikandika ndege halisi tope la zaidi ya milimita saba. Kwa hiyo tunapuliza rangi nyepesi sana, tabaka juu ya tabaka, tukisubiri kila moja ikauke. Subira hiyo hatukuja nayo. Imetufundisha kazi yenyewe.

Skeli hizi zina historia, na naomba dakika chache niieleze, maana vijana wetu wameitafiti kwa moyo. Seti za kwanza za plastiki zilitoka Uingereza mwaka 1936, chini ya jina la Frog Penguin, na zilikuwa za 1/72. Vifaru unavyoviona upande wa dirishani ni vya 1/35, namba isiyo na uhusiano na inchi wala futi. Ilizaliwa Shizuoka, Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ilipounda kifaru aina ya Panther kilichotembea kwa mota. Kilipewa ukubwa ambao ungetosha kubeba betri na gia zake ndani. Kikauzwa sana, vingine vikafuata ukubwa uleule, na leo dunia nzima inaunda vifaru kwa kipimo kilichotokana na betri.

Lakini habari inayowagusa zaidi wanafunzi wetu ni ya mwaka 1942. Mapema mwaka huo, Jeshi la Majini la Marekani liliomba shule ziunde modeli 500,000 za ndege, za mbao, kwa skeli ya 1/72: aina 50 za ndege, modeli 10,000 kwa kila aina. Zilipakwa rangi nyeusi tupu na kutumika kufundishia askari na raia kutambua ndege kwa umbo lake. Hesabu yake ni rahisi na ni nzuri mno: modeli ikiwa mita 10 kutoka machoni, inaonekana kama ndege halisi iliyo mita 720. Mtoto aliyekosea ncha ya bawa angeweza kumfundisha mpiga mzinga kuitungua ndege ya wenzake. Tukisema kwenye kikundi kwamba vipimo si mchezo, ndiyo habari tunayoitolea mfano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukimuuliza mwanakikundi mpya anaunda nini, atasema, "Naunda Spitfire," ile ndege ya kivita ya Waingereza. Jibu hilo kwetu halitoshi. Spitfire zilitengenezwa zaidi ya 20,000. Ipi? Ya kikosi gani, mwezi gani, rubani nani? Hapo ndipo kazi yetu inapoanza kweli.

Chukua ile yenye mistari myeupe na myeusi mabawani, meza ya pili. Mistari ile ilipakwa kwa ajili ya majeshi ya washirika kutua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, ili ndege za washirika zisipigwe na bunduki za wenzao. Kwenye ndege ya injini moja kila mstari ulikuwa na upana wa inchi 18, ambao kwa 1/72 ni milimita sita na kidogo. Amri ilifika siku chache tu kabla, na mafundi wengi walipaka kwa brashi za mkono, kwa haraka. Kijana aliyeiunda aliweka tepu, akapuliza, akapata kingo zilizonyooka kama rula. Kisha akatazama picha za siku zile, akaifuta kazi yake yote na kuanza upya kwa brashi, akiacha kingo zipinde mahali ambapo mkono wa fundi ungechoka. Usafi wa modeli ya kwanza ulikuwa uongo. Nadhani wewe, kuliko yeyote humu ndani, unaujua usiku wa namna ile kwenye karakana.

Au kifaru kile cha Tiger chenye rangi ya udongo. Ni modeli ya Tiger 131, kilichotekwa na Waingereza nchini Tunisia mwezi Aprili 1943 na ambacho sasa kipo kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington. Baadhi ya seti za Tiger huonyesha ngozi yenye mifereji mifereji. Hiyo ni zimmerit, lipu nzito ambayo Wajerumani walipaka vifaru vyao ili mabomu ya sumaku yasishike. Ilianza kutumika baadaye mwaka 1943. Tiger wa Tunisia mwenye zimmerit amevaa koti ambalo lilikuwa bado halijashonwa. Vivyo hivyo ndege ya Mosquito haina mistari ya ribiti mwilini, kwa sababu iliundwa kwa mbao. Vitu hivi ni vidogo, lakini kila kimoja kinamlazimisha mtu wa miaka 15 kufungua vitabu, kulinganisha tarehe, na kukataa kuamini mchoro wa kwenye boksi kwa sababu tu unavutia.

Sasa niseme jambo ambalo tunaulizwa na wazazi, na ni haki yao kuuliza: kwa nini watoto wetu wapende silaha? Hatutaki kulikwepa. Mwaka jana tuliunda pamoja ndege kubwa ya mabomu ya Waingereza, Lancaster, kwa 1/48, bawa hadi bawa karibu sentimita 65. Tulipofika kwenye kibanda cha bunduki cha mkiani, kijana mmoja alijaribu kumwingiza mwanasesere wa mpiga bunduki aliyevaa parashuti, akashindwa. Tukasoma, tukagundua kwamba hata kwenye ndege halisi parashuti ya mpiga bunduki yule ilitundikwa nje ya kibanda, nyuma ya milango yake. Ndege ikiwaka moto, ilimbidi afungue milango, aichukue, aivae, ndipo aruke. Kijana alinyamaza jioni nzima. Lancaster zilitengenezwa zaidi ya 7,300, na karibu nusu zilipotea. Kila moja ilibeba watu saba. Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573. Na chini ya ndege hizo palikuwa na miji. Hamburg, Ujerumani, peke yake, mwezi Julai 1943, ilizika makumi ya maelfu ya wakazi wake. Haya yote tuliyaandika kwenye kadi iliyo mbele ya modeli ile, upande mmoja wanaanga, upande wa pili wakazi wa mji. Mtoto aliyetafuta nafasi ya parashuti mahali isipoenea hawezi tena kuiona vita kama sherehe. Hatuijui njia nyingine iliyofundisha hivyo kwa haraka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumepata mafanikio ya kutosha kutujaza shukrani. Tumemaliza modeli 41 zilizo mezani leo. Wanafunzi wawili waliokuwa wakiogopa hesabu sasa wanabadilisha skeli kichwani. Ile ndege ya kivita ya Marekani, P-38, ya rangi ya fedha, ilitusumbua kwa muda mrefu: ni ndege ya gurudumu la mbele, na aliyeiunda hakuweka uzito puani kabla ya kuifunga, ikakaa mkia chini, pua juu. Tuliifungua, tukajaza vipande vya madini ya risasi, ikatulia. Tuliichagua kwa sababu ya historia yake. Tarehe 15 Julai 1942 ndege sita za aina hiyo, pamoja na ndege mbili za mabomu aina ya B-17, zilitua kwa dharura juu ya barafu ya Greenland. Watu wote waliokolewa, ndege zikaachwa. Theluji ikaanguka mwaka baada ya mwaka. Moja ilipofikiwa na kutolewa mwaka 1992, ilikuwa chini ya mita zipatazo 80 za barafu. Iliundwa upya kwa miaka kumi, na mwaka 2002 ikaruka tena, ikiitwa Glacier Girl.

Si kila ndege inapata bahati hiyo, na hapa ndipo ombi letu lilipo. Mwaka 2012 ilipatikana ndege ya kivita aina ya Kittyhawk katika jangwa la magharibi mwa Misri, mahali ilipoanguka mwezi Juni 1942. Rubani wake, Dennis Copping, alikuwa amenusurika kutua, akaondoka kwa miguu, hakuonekana tena. Ndege ilikaa miaka 70 ikisuguliwa na mchanga. Kila alama iliyobaki mwilini mwake ilikuwa ushahidi. Baadaye ilipakwa rangi mpya yote. Tulipoziona picha hizo tulihuzunika kama watu waliochomewa kitabu cha pekee. Chini ya rangi mpya, hakuna atakayesoma tena.

Tunakuomba basi, Mheshimiwa, kwa heshima uliyonayo miongoni mwa mafundi na watunzaji wa mashine za zamani, utusemee jambo moja: kabla gari au ndege ya zamani haijasuguliwa, haijapakwa rangi au haijakatwa chuma chakavu, waturuhusu tufike tuipige picha, tuipime, tuandike rangi iliyo kwenye kona ambazo jua halikufika. Hatutagusa kitu. Tutakuja na tochi, futi kamba na daftari. Na wewe mwenyewe tunaomba utupe siku moja, siku yoyote, ukae nasi tuandike unayoyakumbuka: mafuta yalivuja wapi, kifuniko kipi kilikwanguka kwanza kwa sababu kilifunguliwa kila siku, ngazi iliegemezwa upande gani. Michoro ya kiwandani haina hayo.

Tuna mahitaji mengine, nayataja kwa ufupi. Chumba chetu hakina feni ya kutoa hewa, na mvuke wa thina na rangi si mzuri kwa mapafu ya watoto. Hili ni la haraka. Pia tunahitaji kabati la vioo lisilopigwa na jua, kwani stika zinageuka njano.

Mwisho, Mheshimiwa, kwenye meza ya katikati kuna injini ya Merlin peke yake, nje ya ndege. Imekamilika isipokuwa mabomba ya moshi. Wenzetu wawili wamebishana wiki tatu jinsi chuma kile kinavyobadilika rangi baada ya kupata moto saa nyingi: mmoja anasema kahawia ya kutu, mwingine anasema kuna samawati karibu na maungio. Tumekubaliana yasipakwe mpaka uyaone. Brashi ni safi, na rangi zote mbili zimefunguliwa.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa kwenu na katibu wa kikundi, kwa niaba ya wanakikundi wote.