Machine Head si wimbo mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nimjibu, kwa heshima, mwandishi wa makala ya burudani iliyotoka mwishoni mwa juma lililopita, ambaye aliikumbuka albamu ya Machine Head ya bendi ya Kiingereza iitwayo Deep Purple, kisha akaihukumu kwa sentensi moja: kwamba ni wimbo mmoja mkubwa uliosindikizwa na nyimbo sita za kujazia nafasi. Albamu hiyo nimeifahamu tangu enzi za santuri, na baada ya kusoma makala hiyo niliisikiliza upya kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa maoni yangu hukumu hiyo imepindua mambo. Kama upo wimbo mmoja ulioingizwa kujazia nafasi, basi ni huohuo anaousifu.

Mwishoni mwa mwaka 1971 mwimbaji wa bendi hiyo, Ian Gillan, aliugua homa ya ini, ziara yao ya Marekani ikavunjika, na wenzake wakaamua kuitumia nafasi hiyo kurekodi mbali na studio za London, wakitafuta mahali patakapowapa sauti ya jukwaani. Walichagua mji wa Montreux, kando ya Ziwa Geneva nchini Uswisi. Walikodi studio ya kwenye lori iliyokuwa mali ya Rolling Stones, wakakubaliana na Claude Nobs, mwasisi wa tamasha la jazi la mji huo, kwamba wapige muziki ndani ya ukumbi wa kasino utakapofungwa kwa majira ya baridi. Onyesho la mwisho kabla ya kufungwa lilikuwa la Mmarekani Frank Zappa, tarehe 4 Desemba. Katikati ya onyesho mtu mmoja akafyatua bastola ya fataki kuelekea darini, dari ikashika moto, na kasino ikateketea. Hakuna aliyekufa, na Nobs mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowatoa vijana ndani ya moshi. Lakini wageni wake wa kutoka Uingereza walibaki na lori, vyombo na mafundi, bila mahali pa kupigia.

Walihamia kwanza kwenye ukumbi mwingine wa mjini, uitwao Pavilion, na hapo ndipo ninapomwomba mwandishi atazame tena. Humo walirekodi ala za wimbo mmoja ambao haukuwa na maneno. Majirani walioamshwa usingizini waliita polisi, na kwa masimulizi ya wanabendi wenyewe, mafundi wao waliishikilia milango isifunguke ili kipande kimalizike kabla askari hawajaingia. Baada ya kufukuzwa hapo walipata hoteli iitwayo Grand Hotel, iliyokuwa imefungwa kwa baridi, wakazungushia magodoro kwenye korido ili kupunguza mwangwi, wakaleta mitambo ya kupasha joto, na humo ndimo zilimorekodiwa nyimbo zilizobaki. Ule wa Pavilion ulikaa kando. Ilipobainika kwamba muziki uliopo hautoshi kujaza pande mbili za santuri, wakaukumbuka, wakauandikia maneno yanayosimulia moto wa kasino, na jina lake wakalitoa katika maneno yaliyomjia mpiga besi, Roger Glover, alipokuwa akiamka usingizini. Huo ndio Smoke on the Water.

Hata walipokwisha kuukamilisha, hawakuupa uzito tunaoupa leo. Wimbo waliouchagua kuitangulia albamu redioni ulikuwa Never Before, ambao haukufika mbali. Machine Head ilitoka Machi 1972 na kushika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. Smoke on the Water ulitolewa kama santuri ndogo ya kuuzwa peke yake huko Marekani mwaka 1973, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, ndipo ukapanda hadi nafasi ya 4 katika chati za nchi hiyo. Kwa hiyo wale walioinunua kwanza na kuifikisha juu waliipenda albamu nzima kabla hawajaambiwa kwamba ina wimbo mmoja tu wa maana.

(Kwa msomaji wa pwani naongeza jambo la kando. Kasino ya Montreux ilijengwa upya, na ndani yake ikawekwa studio ambayo mwaka 1979 ilinunuliwa na bendi ya Queen. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alirekodi humo hadi miezi yake ya mwisho, na sanamu yake imesimama ufukweni hapo ikilitazama ziwa lilelile lililofunikwa na moshi mwaka 1971.)

Hata huo wimbo maarufu wenyewe watu wengi huusikiliza nusu. Karibu kila kijana anayeshika gitaa la umeme huanza na kile kipande chake kifupi kinachorudiwarudiwa, na wengi hukikosea, kwa sababu mpiga gitaa wa bendi, Ritchie Blackmore, hakukipiga kwa kile kijiplastiki cha kukwangulia nyuzi, bali alizivuta nyuzi mbili kwa pamoja kwa vidole vyake, zikatoka kwa wakati mmoja. Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Baada ya gitaa kusikika peke yake zinaingia sahani za mpiga ngoma, Ian Paice, na kinanda kinakuja kimebeba kipande kilekile cha gitaa, kwa sauti iliyokwaruzwa hata asiyejua atadhani ni gitaa la pili. Ngoma zinakamilika, kisha besi inafika mwisho, ikiwa imecheleweshwa kwa makusudi, na sakafu nzima ya wimbo inashuka. Uzito ambao sifa zake zote hupewa Blackmore ni wa watu wawili waliopiga kitu kimoja.

Huyo wa pili ni mpiga kinanda, Jon Lord, na lalamiko langu kubwa dhidi ya makala ile ni kwamba jina lake halikutajwa hata mara moja. Mzaliwa huyo wa Leicester alifundishwa piano ya muziki wa kale wa Ulaya tangu utotoni, akavutiwa na wapiga vinanda wa jazi wa Marekani kama Jimmy Smith, na mwaka 1969 aliandika kazi ndefu iliyowaweka Deep Purple jukwaani pamoja na okestra katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Wapigaji wa kinanda cha umeme cha Hammond, alichokitumia Lord, walizoea kukipitisha kwenye spika ya Leslie, ambayo ndani yake mna pembe inayozunguka na kuitikisa sauti. Lord alikiunganisha na amplifaya za Marshall, zile zilizozoeleka kwa wapiga gitaa, akazifungulia mpaka sauti ikaanza kupasuka. Kwa njia hiyo alipata chombo chenye vidole vya mpiga piano na koo la gitaa, na bendi ikapata kitu ambacho wenzao wengi wa roki nzito hawakuwa nacho: ala mbili zenye nguvu sawa zinazoweza kubishana bila mmoja kumfunika mwenzake.

Ubishi huo unaanza katika wimbo wa kwanza kabisa. Highway Star ulianza ndani ya basi lililokuwa likienda Portsmouth, ambamo mwandishi wa habari aliuliza nyimbo zao hutungwaje, na Blackmore akachukua gitaa akaanza kumwonyesha papo hapo. Una solo mbili, yaani sehemu ambazo ala moja hutangulia mbele ya nyingine. Ya kinanda inatangulia, ya gitaa inafuata baada ya ubeti, na zote mbili zinapanda na kushuka kwa mpangilio uliochotwa kwa Bach, mtunzi wa kale wa Kijerumani, bila aibu na bila kuficha. Blackmore, ambaye kwa kawaida hubuni wakati anapiga, safari hii aliipanga solo yake noti kwa noti kabla ya kurekodi. Nimewasikia vijana wanaoipiga solo hiyo kwa ufasaha wa kushangaza huku hawajawahi kuitilia maanani ile ya Lord. Wanakariri jibu la swali wasilolisikia.

Sitetei kila dakika ya albamu hii. Never Before ni wimbo wa kawaida, na kuchaguliwa kwake kuwa wa kwanza kutangazwa kunaonyesha jinsi wanamuziki wanavyoweza kuwa waamuzi wabaya wa kazi zao. Maybe I'm a Leo unatembea vizuri kwa sababu kipande chake kikuu hakianzii kwenye mdundo wa kwanza, mguu wa msikilizaji unakosa pa kukanyaga kwa muda. Zaidi ya hapo sina la kusema. Lakini Pictures of Home, uliofichwa katikati ya upande wa kwanza, ningeuweka mbele ya Smoke on the Water bila kusita. Paice anaufungua kwa ngoma peke yake, Gillan anaimba upweke wa mtu aliyezungukwa na milima akiwa mbali na kwao, Glover anapewa nafasi ya kupiga solo ya besi, jambo ambalo bendi za aina hiyo hazikulitoa kwa ukarimu, na mwishoni wimbo unajifanya kuwa umekwisha kisha unarudi. Ukiufahamu ule moto, ile hoteli baridi na ule mji usiokuwa na msimu wa wageni, huu ndio wimbo unaobeba mazingira ya albamu, ingawa hautaji tukio hata moja.

Kwenye upande wa pili, Lazy ni wa Lord kwanza. Kinanda kinanguruma peke yake, kinacheza na msikilizaji, kinaokota bluzi kidogo, halafu ngoma na gitaa vinakuja, na Gillan hafungui kinywa mpaka dakika kama nne zimepita. Akishaimba maneno yake machache anachukua kinanda cha mdomo. Mtu anayeusikia kama wimbo wa kujazia nafasi, nadhani, alikuwa akimsubiri mwimbaji. Space Truckin' unafunga kwa mzaha na nguvu, na ndio ambao bendi iliurefusha hadi karibu dakika 20 walipokuwa Japani mwezi Agosti 1972. Katika albamu ya maonyesho hayo, Made in Japan, nyimbo saba zimechaguliwa, na nne kati yake zimetoka Machine Head: Highway Star, Smoke on the Water, Lazy na Space Truckin'. Kama zilikuwa nyimbo za kusindikiza, wenyewe hawakuambiwa.

Kuna jambo jingine ambalo makala ililigusa kwa kulipita, nalo ni swali la nakala ipi isikilizwe. Kutoka kwenye korido ya Grand Hotel hadi lorini, kwa fundi wa kurekodi sauti Martin Birch, kulihitaji kupita vyumbani na kwenye roshani katika baridi kali, hata wanabendi wakachoka kwenda kusikiliza walichorekodi. Walipiga mpaka wakaona wametosheka, mengine wakamwachia Birch. Naamini sehemu kubwa ya uhai wa albamu hii imo katika uamuzi huo wa uchovu. Hawakupata nafasi ya kukaa mezani na kusahihisha kila kitu. Tangu hapo imechanganywa upya, yaani sauti za ala zilizorekodiwa zimepimwa na kupangwa upya, zaidi ya mara moja: Glover mwenyewe alifanya hivyo mwaka 1997, na mwaka 2024 ukatoka mchanganyo mpya wa Dweezil Zappa, mwana wa Frank Zappa ambaye onyesho lake ndilo lililoungua. Ni mzunguko wa historia unaopendeza kusimulia, na ninaelewa kwa nini mwandishi aliuchagua huo wa 2024 kuwa msingi wa makala yake. Mimi siwezi kuupendekeza kwa msikilizaji wa mara ya kwanza. Uwiano wa kinanda na gitaa, ambao ndio hoja yangu yote, uliamuliwa na wale watano na Birch katika miezi ileile ya baridi, na anayeubadilisha, hata kwa mikono stadi, anatupa maoni yake juu ya albamu, si albamu.

Vivyo hivyo When a Blind Man Cries, wimbo wa polepole uliorekodiwa katika safari hiyohiyo na kuachwa nje, ambao matoleo ya baadaye huubandika mwishoni. Ni mzuri sana, na Gillan hajaimba kwa utulivu wa namna ile popote kwenye nyimbo saba zile. Hata hivyo ukiwekwa baada ya Space Truckin' unaugeuza mlango wa kutokea kuwa chumba kingine. Ningeshauri usikilizwe siku nyingine, kama kazi inayojitegemea.

Lord alifariki Julai 2012, Nobs Januari 2013 na Birch Agosti 2020, na gazeti lako litapata fursa nyingine za kuirudia albamu hii. Ninaomba, itakaporudiwa, majina yao yachapwe pamoja na lile la mpiga gitaa. Msomaji anayetaka kuipima hoja yangu atafute mchanganyo wa 1972, ambao bado unapatikana katika santuri na hata katika huduma za muziki za intaneti. Utamchukua chini ya dakika 40. Aanze na upande wa pili, asiruke Lazy, kisha arudi kwenye Pictures of Home akitumia spika za kawaida na si za simu, maana besi ya Glover haisikiki kwenye simu.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Tanga