Kitabu chako nilikichukua mimi

Mwanangu mpendwa,

Usimtuhumu mdogo wako, kitabu chako nilikichukua mimi. Juzi usiku niliona mwanga chini ya mlango wako, nikagonga, ukaniambia huwezi kulala taa ikizimwa. Ulipotoka asubuhi nikaingia chumbani, nikakikuta chini ya mto. Nia yangu ilikuwa kukificha na kukuambia kwamba hadithi ya kundi la watu wanaoua mmoja baada ya mwingine haikufai kwa umri wako. Nikasema nisome kwanza kurasa mbili tatu, ili nikikukanya nijue ninachokukanya. Nilikimaliza saa tisa za usiku.

Kimenitisha kwelikweli. Ile sehemu ya ghalani, wamesimama kimya nyuso zimefunikwa vitambaa, kila mmoja akingoja zamu yake ya kushika kisu, niliisoma nikiwa nimesogeza kiti hadi mgongo ukagusa ukuta. Moyo ulinidunda kana kwamba kuna mtu nyuma yangu, ilhali nilijua fika hayupo. Mwili haujui kwamba ni hadithi tu. Kwa hiyo sishangai ukiacha taa inawaka.

Lakini kilichoninyima usingizi si ghala. Ni ule ukurasa wa mapema ambao hakuna anayekufa. Msichana ana wiki moja tu katika nyumba ya kundi hilo. Wamempa chumba, wanamsikiliza, wanalikumbuka hata jina la mama yake aliyefariki. Kisha yule mama wanayemwita Mlezi anamwomba jambo dogo: asimwambie dada yake aliko, kwa siku tatu tu. Anakubali. Baadaye anaombwa aseme uongo kidogo. Halafu alinde mlango bila kuuliza ndani kuna nini. Siku anapokabidhiwa kisu, mkono wake umeshazoea kutii. Hapo mwandishi ameona mbali, nampa heshima yake.

Hayo hayakutoka hewani. Jim Jones alianza kama mhubiri mjini Indianapolis katika miaka ya 1950. Kanisa lake liliwaketisha weusi na weupe pamoja wakati jambo hilo lilikuwa adimu Marekani, likalisha maskini na kutunza wazee. Watu walimfuata kwa sababu ya mema hayo. Katika miaka ya 1970 akawahamishia mamia ya wafuasi msituni Guyana. Huko kuna usiku walioamshwa, wakapewa kinywaji na kuambiwa kina sumu, wanywe. Walipokunywa wakaambiwa hakikuwa na sumu, walikuwa wakipimwa utii wao. Kisha ikafika tarehe 18 Novemba 1978, na safari hiyo sumu ilikuwemo. Watu zaidi ya 900 walikufa, karibu theluthi moja wakiwa watoto. Watoto hawakuchagua chochote, na hata watu wazima walikuwa wamezungukwa na walinzi wenye silaha. Nikiwafikiria, siwezi kuisoma ile hadithi yako kama mchezo.

Ndiyo maana niliichukia sana sentensi ya yule mpelelezi anayesema wanaojiunga na makundi haya ni wajinga. Tarehe 20 Machi 1995, wafuasi wa kundi la kidini la Aum Shinrikyo walitoboa mifuko ya sumu ya sarini ndani ya treni za chini ya ardhi mjini Tokyo. Mmoja wao alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo. Mikono iliyosomea kuokoa watu ndiyo iliyoshika mwavuli wenye ncha na kutoboa mfuko.

Na kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa na miaka 20, mgeni katika mji nisiomjua mtu, kuna kundi la maombi lilinipokea. Walinipenda, na nakuapia sijawahi kukaribishwa vile. Baada ya miezi miwili kiongozi wao akaniambia barua za nyumbani zinanirudisha nyuma, nipumzike kuandika. Nikapumzika. Sikuona ubaya wowote. Hawakuwa wauaji, wala sisemi wangekuwa. Ila sikutoka kwa akili zangu. Bibi yako aliona kimya kimezidi, akapanda gari akaja kunitafuta, akanikuta nimekonda, ninaogopa kuongea naye peke yetu. Nilipomsoma yule msichana akiikunja barua ya dada yake bila kuijibu, nilikifunga kitabu kwa muda.

Kuna pengine mwandishi amenikosea. Kiongozi wake ana macho ya ajabu na sauti ya kutoka kaburini, mtu unayemkimbia ukimwona tu. Yule niliyemjua mimi alicheka vizuri na alikuwa wa kwanza kukuuliza kama umekula. Halafu mwishoni huyo wa kitabuni anateketea na nyumba, na hakuna anayemwuliza neno. Nilitaka dada mtu apate nafasi ya kumwuliza. Nadhani nawe uliudhika, maana ukurasa ule umeukunja pembe.

Nimekirudisha chini ya mto. Sikukatazi kukisoma tena, wala kutafuta kingine cha namna hiyo. Ninachokitaka ni unisimulie uliwaza nini msichana alipokubali zile siku tatu: ulimkemea, au hata wewe ulimwona hana kosa? Nije chumbani kwako leo baada ya chakula, au uje wewe, upendavyo.

Taa ya ukumbini nitaiacha inawaka.

Baba yako