Mheshimiwa Waziri, fomu inasema “mkono” tu

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Nakuandikia kutoka chumba cha eksirei, kile chenye taa nyekundu juu ya mlango, ambacho wagonjwa wengi huingia na kutoka bila kujua kilichokuwa kikitafutwa mle ndani. Kazi yangu ni kupiga picha. Siombi mashine mpya, ingawa ukituletea sitaikataa. Naomba karatasi: ile fomu ambayo daktari huijaza anapomtuma mgonjwa kwangu.

Mara nyingi fomu hiyo huja na neno moja: “Mkono.” Basi. Na kwa Kiswahili chetu mkono huanzia begani ukaishia kwenye kucha. Nikimuuliza mgonjwa, hunyoosha wote, maana na yeye unamuuma wote. Niliwahi kupiga kiganja cha mtu ambaye kumbe mfupa wake ulikuwa umevunjika huku juu, karibu na kiwiko. Alirudi baada ya siku chache, tukaanza upya. Nakiri nilipaswa kumdadisi zaidi, lakini fomu nayo ilikuwa bubu.

Labda utaniambia: wewe piga tu, daktari ataona mwenyewe. Haiendi hivyo, Mheshimiwa. Kiganja pamoja na kifundo chake vina mifupa 27: minane midogo ya kifundo iliyobanana kama kokoto mfukoni, mitano ya kiganja na 14 ya vidole. Eksirei ni kivuli. Kilicho juu na kilicho chini hulaliana kwenye picha moja bapa, kwa hiyo mpigaji hana budi kuchagua mkao: kiganja kikiwa kimelala, kikiwa mshazari, kikiwa kimesimama kwa ubavu. Kuna mfupa wa kifundo uitwao lunati ambao ukichomoka mahali pake unaweza kuonekana karibu kama mzima katika picha ya kulaza kiganja. Piga kwa ubavu, utauona umepinduka kama kikombe kilichomwagika. Nani ataniambia nitazame huko, kama fomu haisemi mgonjwa alianguka vipi?

Lakini mfupa unaoninyima usingizi ni skafoidi. Uko upande wa kidole gumba, umbo lake kama korosho. Mtu anateleza, anajikinga kwa kiganja, kifundo kinavimba kidogo tu, vidole vinacheza vizuri. Anapigwa picha siku hiyohiyo na picha inatoka safi. Anaambiwa hajavunjika, ni msuli, apake dawa ya kuchua. Kumbe ufa upo, ila ni mwembamba kiasi kwamba kivuli hakiuonyeshi. Mwili unapoanza kuutengeneza mfupa, hufyonza kwanza kingo za ufa. Ufa unapanuka kidogo, na hapo ndipo unapoonekana. Ndiyo sababu picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, na wakati wote huo kifundo kinapaswa kukaa kimefungwa kama kilichovunjika.

Asiporudi? Sehemu kubwa ya damu ya mfupa huu huingilia upande wa mbali, ulioelekea kidole gumba, kisha hurudi nyuma. Ufa ukiikata njia hiyo, kipande cha nyuma kinaweza kufa. Aliyeambiwa ni msuli anabaki na kifundo kinachouma kila anapokamua nguo au kusukuma mlango.

Sasa tazama tofauti ya sentensi moja. Daktari akiniandikia, “Ameangukia kiganja, anaumia ukibonyeza kishimo cha chini ya kidole gumba,” nitaongeza picha moja nikiwa nimekiinamisha kifundo kuelekea kidole kidogo, ili skafoidi ijinyooshe. Akiandika “mkono”, siwezi kujua kwamba picha hiyo inahitajika.

Si mivunjiko pekee. Mtu ambaye viungo vyake hukakamaa asubuhi tunampiga mikono yote miwili ili tulinganishe. Baridi yabisi hupenda viungo vya mwanzo na vya katikati vya vidole, na humega kingo za mfupa. Kulika kwa gegedu kunakokuja na umri hupenda viungo vya karibu na kucha na shina la kidole gumba, na huacha vijipembe vya mfupa. Jongo, likishakaa miaka, huacha shimo lenye ukingo uliojikunja kama mdomo. Hata hivyo baridi yabisi changa inaweza isionyeshe chochote kwenye eksirei, na hapa pia picha safi hugeuzwa kuwa cheti cha uzima ilhali mgonjwa alihitaji vipimo vya damu na uangalizi. Mkono husema hata ya mbali: kwa mgonjwa wa figo wa muda mrefu, kingo za mifupa ya vidole zinaweza kuanza kulika kwa sababu ya homoni inayonyonya kalsiamu mifupani. Kwenye fomu, neno “figo” lingetosha kutufanya tutazame hapo.

Kwa watoto ndiyo balaa. Mifupa yao ina mistari ya ukuaji ambayo asiyezoea huiona nyufa, na anayejua umri wa mtoto huiona ilivyo. Tukitaka kukadiria ukuaji, tunapiga mkono wa kushoto na kuulinganisha na picha za atlasi ya Greulich na Pyle, kitabu chenye picha za mikono ya watoto kwa kila umri. Bila tarehe ya kuzaliwa, nalinganisha na nini? (Na wale wanaotutumia vijana ili tuwatajie umri wao halisi wajue kwamba mfupa wa mtoto mwenye afya njema unaweza kupishana na kalenda kwa mwaka na zaidi.)

Wapo wagonjwa wanaoogopa kurudia picha kwa sababu ya mionzi. Dozi ya picha ya kiganja ni takriban milisiveti 0.001, sawa na saa chache tu za mionzi ya asili tunayopata sote kila siku. Hainipi ruhusa ya kupiga ovyo, lakini si sababu ya kuacha skafoidi ife.

Ufundi wetu wenyewe ulianza na mkono. Desemba 22, 1895 Wilhelm Röntgen alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, pete ikaonekana nyeusi kidoleni. Leo ningemwomba aivue kwanza, inaficha mfupa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba fomu mpya ya ukurasa mmoja. Iwe na mchoro wa mikono miwili, kulia na kushoto, kuanzia begani, daktari atie alama mahali mgonjwa anapopaonyesha kwa kidole kimoja. Iwe na nafasi ya kuandika ilikuwaje na lini, na nyingine ya kile daktari anachokishuku, hata kama ni “sijui, nina wasiwasi”. Chini kabisa kuwe na mstari wa tarehe ya kurudi endapo picha itakuwa safi na maumivu yakabaki, na kipande hicho kichanwe apewe mgonjwa mkononi.

Mchoro nimekwisha kuuchora, nimeuambatanisha na barua hii. Kidole gumba cha kushoto kimetoka kinene kidogo, naomba wachapaji wakirekebishe.

Wako mtiifu,
Mpiga picha za eksirei